Kuzimika Mara Tatu kwenye Njia ya Kitonga

Anayetoka Dar es Salaam kwenda Iringa husafiri karibu kilomita 500, na katika hizo zote ni chache tu zinazomtia mtu hofu ya kweli. Ni zile za mlima Kitonga, ambako barabara hupanda ikijipindapinda, mwamba upande mmoja na bonde upande wa pili, huku malori yenye shehena ya Zambia yakikwea taratibu kama kobe. Hapo ndipo Peugeot 504 yangu ilipozimika kwa mara ya tatu katika siku moja ya Agosti mwaka 1985. Ndani yake walikuwamo mke wangu, watoto wetu wawili, na mama mkwe, ambaye tulikuwa tukimrudisha kwake Ilula baada ya kutibiwa kifua.

Tuliondoka alfajiri, na hadi Morogoro gari halikuonyesha dosari yoyote. Pale, chini ya Milima ya Uluguru, tulijaza tangi, tukanywa chai, na katika pilikapilika za kuondoka kifuniko cha tangi kikasahauliwa juu ya bodi, kikaangukia tusikokujua. Wasomaji wa rika langu watakumbuka jinsi vipuri vilivyoadimika miaka ile. Nilijiona mwenye bahati kumpata fundi wa mabati aliyeniundia kifuniko kingine, akakitia mpira kwa ndani, kikakaza barabara hata tone lisimwagike. Nikamlipa kwa moyo mkunjufu.

Barabara hiyo hupita katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, kwa kiasi cha kilomita 50. Watoto walikuwa wakihesabu twiga wakati injini ilipokohoa, ikashtukashtuka, kisha ikanyamaza kimya. Ng’ambo ya barabara tembo walikuwa wakivunja matawi, nami nilikaa kitambo kirefu nikijifanya natafakari. Waliposogea nilishuka, nikagusa koili, ikaniunguza vidole. Nikaifunga kitambaa kilicholoweshwa maji. Baada ya dakika 20 nikapiga stata na gari likawaka. Basi nikatoa hukumu: koili imekwisha, nitanunua nyingine Iringa, fedha zikitosha.

Likazimika tena katika bonde la mibuyu, Mto Ruaha Mkuu ukiwa jirani yetu. Muuza vitunguu mmoja aliniambia kwa uhakika mkubwa kwamba pampu ya petroli imepata joto. Kitambaa kikahama kutoka kwenye koili kwenda kwenye pampu. Tukangoja, gari likawaka. Sasa nilikuwa na wagonjwa wawili na dawa moja. Nilikumbuka pia kwamba bomba la TAZAMA, lililokamilika mwaka 1968, lilikuwa likipeleka mafuta ghafi kilomita 1,710 hadi Ndola, na mimi nilishindwa kuyatoa yangu nyuma ya gari hadi mbele.

Kitonga haikuwa na mzaha. Injini ilipokufa, gari lilisita kisha likaanza kurudi nyuma. Yafaa kila mwenye gari ajue kwamba breki zinazosaidiwa na injini hubakiwa na nguvu ya kukanyagwa mara moja au mbili tu inapozimika. Baadaye pedali huwa ngumu kama jiwe. Nilikanyaga mara moja, nikashikilia, nikavuta breki ya mkono. Utingo wa lori lililotufuata aliruka chini akasukuma kabari ya mti nyuma ya gurudumu, kisha akaenda kutandaza matawi barabarani kuwaonya wengine. Mke wangu akawatoa watoto na mama, wakaketi kwenye jiwe kando ya mwamba.

Dereva wa lori, mtu wa makamo, alinijia akifuta mikono. “Kijana, linazimika ghafla kama taa, au hukohoa kwanza?”

“Hukohoa kwanza, mzee.”

“Basi koili haina kosa. Umeme ukikatika, hukatika. Linalokohoa lina njaa.”

Alichomoa mpira wa petroli kwenye kabureta, akautia ndani ya chupa, akaniagiza nipige stata. Petroli ikatoka kidogo kidogo, kama machozi. Akaenda nyuma, akakitazama kifuniko changu cha bati, akakizungusha taratibu. Fyuuu! Tangi likavuta pumzi ndefu hata watoto wakasikia. Tukapiga stata tena. Petroli ikaruka chupani kwa nguvu. Pampu ilikuwa nzima kabisa.

Nikauliza kifuniko kinachoziba vizuri kina kosa gani. Kabla dereva hajajibu, mama mkwe, ambaye kwa heshima ya ukwe hakuwa amenisemesha tangu Dar es Salaam, alimgeukia binti yake. “Mwulize mwenzio, kopo la maziwa hutobolewa matundu mangapi?”

Mawili, bila shaka: moja la kumiminia na moja la kuingiza hewa. Petroli inapotumika, hewa hainabudi kushika nafasi yake. Kifuniko kilichopotea kilikuwa na kitundu cha kupumulia. Hiki hakikuwa nacho. Tangi likabaki likijivuta kwa ndani mpaka pampu ikashindwa. Tulipopumzika, hewa ilipenya polepole kwenye viungio, na sifa zote zikaenda kwa kitambaa changu cha maji.

Dereva alikichukua kifuniko mbali na gari, akakiweka juu ya jiwe, akakitoboa kwa msumari tundu dogo, si zaidi ya hapo, vumbi lisije likaingia. Magari ya siku hizi yana pampu ndani ya tangi na mirija yake ya kupitishia hewa, na mengi huzimika kwa sababu ya vihisi na nyaya. Hata hivyo, swali la yule mzee huniokolea fedha hadi leo kila nifikapo gereji.

Hakutaka malipo. Alipokea vitunguu tulivyonunua bondeni, akapanda lori lake. Tuliingia Ilula usiku, na mama, kabla hajaingia ndani, alimtuma mjukuu wake akafungue kifuniko asikilize kama gari bado linahema.