Enzi za Kubakizwa Mlimani

Mwaka 1989, nilipomaliza shahada ya kwanza ya historia pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yaani Mlimani, sikuandika barua ya kuomba kazi ya kufundisha. Wala hakukuwa na tangazo. Matokeo yalibandikwa ubaoni, na siku chache baadaye karani wa idara akanifuata bwenini: mkuu wa idara ananiita.

"Tunataka ubaki na sisi," akaniambia hata kabla sijakaa vizuri. "Utaanza kama mkufunzi msaidizi, semina za mwaka wa kwanza ni zako. Ukifanya kazi tutakutafutia nafasi ya kwenda kusoma."

"Ahsante sana, Profesa. Naomba kwanza nikazungumze na wazazi."

"Nenda, lakini Jumatatu uwe hapa."

Ndivyo watu walivyobakizwa Mlimani. Chuo kilipoanza mwaka 1961, kikiwa na kitivo cha sheria peke yake, wahadhiri karibu wote walikuwa wageni. Idara yetu ya historia ilijengwa na Terence Ranger, Mwingereza aliyekuwa amefukuzwa Rhodesia. Isaria Kimambo, aliyesomea uzamivu Northwestern huko Marekani, akawa miongoni mwa Watanzania wa kwanza kushika usukani. Tangu hapo desturi ikawa hiyo: chagua wanafunzi bora, wabakize, wapeleke nje kwa mkataba wa kurudi kutumikia chuo. Viti vya wageni vilijazwa hivyo, kimoja kimoja, kwa miaka mingi.

Ninachokithamini katika utaratibu ule ni kwamba waliotuchagua walitufahamu. Kwa miaka mitatu walikuwa wamesoma insha zetu na kutusikia tukibishana semina. Walijua nani husoma kitabu chote na nani huishia kwenye utangulizi. Lakini ukaribu huo una hatari yake: mwenye akili aliye mkimya anaweza kupitwa, na anayependwa na mkubwa akapita. Kwa hiyo sidai kwamba tungepaswa kubaki vile vile.

Kilichotuumiza hasa hakikuwa namna ya kuchagua. Wakati nabakizwa, baadhi ya wahadhiri wazoefu walikuwa wamekwisha kwenda Botswana na Lesotho, maana mshahara wa hapa ulikuwa hautoshi hata kusomesha watoto. Kisha ikaja miaka ya 1990: serikali ikabana matumizi kwa masharti ya wafadhili, na ajira mpya zikazuiwa. Nilirudi na shahada yangu ya uzamivu nikakuta wazee wenye mvi, sisi wachache wa umri wangu, na nyuma yetu hakuna mtu. Vijana waliofaulu vizuri kutuzidi walikwenda benki, kwenye mashirika, kwenye magazeti. Niliwaonea uchungu, na mpaka leo bado nawaonea.

Pengo lile lilijionyesha baada ya mwaka 2000. Wanafunzi waliongezeka, Bodi ya Mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu ikaanza kazi mwaka 2005, Chuo Kikuu cha Dodoma kikafunguliwa mwaka 2007 nacho kikahitaji wahadhiri. Mhadhiri haagizwi kama viti vya ukumbini. Kutoka shahada ya kwanza hadi uzamivu miaka kumi hupita kirahisi, na miaka hiyo ndiyo iliyokuwa imepotea.

Ajira ilipofunguliwa ilikuja na sura nyingine: tangazo, maombi, mchujo, usaili. Kwa mkufunzi msaidizi sharti likawa wastani wa 3.8 kati ya 5 katika shahada ya kwanza. Kwa mhadhiri msaidizi, 4.0 katika uzamili. Nimekaa kwenye majopo ya usaili, na naona haki katika utaratibu huu: mtoto wa mkulima wa Namtumbo, asiyejulikana na yeyote chuoni, anaitwa kwa alama zake.

Hata hivyo alama hazifundishi. Namkumbuka kijana mmoja aliyepewa robo saa atufundishe Vita vya Maji Maji. Waliomtangulia walianza na tarehe na majina ya viongozi. Yeye alichora ubaoni shamba dogo la pamba, akatuuliza ni nani anayelima, nani anayevuna, nani anayelipwa. Alitusubiri tujibu. Ndipo akatupeleka Nandete, Julai 1905, Wamatumbi walipong'oa miche ya pamba, na kila mmoja mezani alikuwa amekwisha kuelewa kwa nini waling'oa. Chaki ilimkatikia mara mbili, wala hakugutuka.

Wastani wake ulikuwa 3.8 kamili. Ungepungua kidogo tu, jina lake lisingefika mezani kwetu, na tusingejua tumemkosa nani. Kwa hiyo kila nikialikwa kwenye jopo ombi langu ni lile lile: somo la majaribio lipewe nusu saa badala ya robo, lifanyike mbele ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na wanafunzi hao nao waulizwe wameelewa nini.