Saa ya fundi na saa ya gari

Huku Michigan saa ya fundi ni ghali na saa ya gari ni rahisi. Nyumbani Morogoro mambo ni kinyume. Fundi atashinda chini ya basi kutwa nzima kwa malipo ya kazi moja, lakini basi lenyewe halina nafasi ya kulala, maana saa 12 asubuhi abiria wameshakaa kwenye viti. Nimefanya kazi pande zote mbili, na ninaamini kwamba jambo hili ndilo linaloamua upepo unaovuja kwenye mifuko inayobeba gari utashughulikiwa vipi, kuliko vifaa na kuliko ujuzi wa fundi.

Gari lililonifikisha kwenye mawazo haya ni la jirani yangu, mzee mstaafu. Ni gari-nyumba la GMC la mwaka 1976, ukubwa wa basi dogo, ndani lina kitanda, jiko na choo. General Motors waliyatengeneza magari haya mjini Pontiac, humu humu Michigan, kwa matoleo ya 1973 hadi 1978. Yalitoka chini kidogo ya 13,000, kisha kazi ikasimamishwa. Injini yake ni Oldsmobile V8 ya lita 7.5 na inavuta kwa magurudumu ya mbele, kwa hiyo hakuna propela shafti inayokwenda nyuma wala ekseli inayokatiza chini ya sakafu. Nyuma kuna magurudumu manne, mawili kila upande, moja likifuata jingine, na kila gurudumu lina mkono wake wa chuma. Kati ya mikono miwili ya upande mmoja umelazwa mfuko wa mpira uliojaa upepo. Mfuko huo ndio springi. Ukiishiwa upepo, upande mzima unakaa chini.

Aliyekulia karibu na stendi hahitaji maelezo marefu, kwa sababu mabasi mengi makubwa yanayopita stendi ya Msamvu, Morogoro, nayo yamebebwa na mifuko ya upepo. Kazi ya kupima kimo inafanywa na vali yenye mkono mwembamba. Bodi ikishuka, mkono unasukumwa na vali inaingiza upepo kwenye mfuko. Bodi ikipanda mno, vali inautoa nje. Ikiwa katikati, haitakiwi kuingiza wala kutoa. Kanuni ni hiyo hiyo kwenye basi la abiria 60 na kwenye gari la mzee.

Gari lake lilikuwa linaachwa jioni likiwa sawa, asubuhi linakutwa limekaa nyuma upande wa kulia. Gereji moja ilikataa kabisa kulipokea. Nyingine ilipendekeza kubadilisha mfumo mzima: mifuko, kompresa, vali na paipu zote. Ukipiga hesabu unawaelewa. Saa moja ya fundi hapa inatozwa zaidi ya dola 100, na kutafuta tundu lisiloonekana kunaweza kumaliza saa nyingi bila jibu. Hakuna mteja anayependa kulipia saa za kutafuta. Kubadilisha kila kitu kuna bei inayojulikana tangu mwanzo.

Ndiyo maana wenye magari haya wamejifunza kuyatengeneza wenyewe. Wana vilabu, wana kitabu cha matengenezo cha kiwanda ambacho kimepigwa skani na kusambazwa, na kuna watu wenye karakana ndogo wanaounda upya spea ambazo kiwanda kiliacha zamani. Wapo walioondoa mfuko mmoja wa kila upande na kuweka mfuko kwa kila gurudumu, ili ukipasuka mmoja, gurudumu la jirani libaki limebeba. Lakini utajiri wao mkubwa ni kwamba gari linaweza kukaa uani wiki nzima na hakuna anayelala njaa. Na tundu dogo halimtaki fundi hodari kwanza. Linataka gari litulie usiku kucha.

Tulianza kwa kupima. Jioni tulichukua kimo kutoka ardhini hadi ukingo wa bodi, kila upande, tukaandika pamoja na joto la hewa. Joto lina maana kubwa. Gari likiachwa kwenye nyuzi 20 na kuamkia kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri, upepo uliomo ndani unasinyaa kwa karibu sehemu moja ya kumi hata kama hakuna tundu popote. Kwa hiyo hapa gari linaweza kushuka kidogo kwa baridi tu. Ila baridi haichagui upande: kulia na kushoto hushuka sawasawa. Likiinama upande mmoja, kuna tundu. Dar es Salaam, ambako mchana na usiku hupishana kwa nyuzi chache, hata kisingizio hicho hakipo. Basi lililoonekana limekaa alfajiri linavuja.

Kisha tukautenga mfuko. Tuliukata kwenye mfumo, tukaufungia vali kama ya tairi, tukaujaza peke yake na kuuacha hadi asubuhi. Ulikaa vile vile. Mfuko ambao gereji ilitaka kuutupa ulikuwa mzima. Tundu lilikuwa kwenye paipu, kwenye viungio, au kwenye vali.

Hapo ndipo sabuni iliingia. Sabuni ya vyombo, maji, chupa ya kupulizia. Ni macho yale yale ya fundi pancha anapozamisha tyubu kwenye karai na kuizungusha polepole akingoja mapovu, isipokuwa gari huwezi kulizamisha, kwa hiyo unayapeleka maji kwake. Viungio vilikaa kimya. Kwenye tundu la vali la kutolea upepo, povu likaanza kuvimba. Lilikua hadi ukubwa wa ukucha, likapasuka, likaanza upya.

Nilimpigia baba mdogo, ambaye amekuwa fundi wa mabasi tangu nikiwa mtoto, kwenye gereji bubu isiyo mbali na stendi. Baada ya shikamoo na marahaba aliuliza maswali mawili.

"Linashuka upande mmoja au pande zote, mwanangu?"

"Upande wa kulia tu, baba mdogo."

"Ukishika mkono wa vali ukauweka katikati, bado inapumua?"

"Bado inapumua."

"Basi tatizo umelikamata. Ifungue. Usinunue mpya kabla hujaona ndani kuna nini."

Ndani kulikuwa na oringi iliyokakamaa hadi ikapoteza umbo la duara, na mahali pa kukalia kizibo palikuwa na chembe za kutu. Tulisafisha kwa kitambaa, tukapima oringi, tukaweka mpya ya senti chache na kuipaka grisi ya silikoni. Gari likasimama. Mzee aliandika kipimo cha oringi kwenye daftari lake, kisha akawatumia wenzake wa klabu. Baba mdogo vipimo hivyo anavyo vyote, lakini viko vidoleni mwake na kwenye kopo la maziwa ya unga analowekea oringi zilizotolewa kwenye vali zilizokufa. Vijana wake wanajua anachokijua kwa kadiri walivyokaa naye. Hilo linanisumbua, ila si hilo linalonisumbua zaidi.

Kinachonisumbua zaidi ni basi. Gari la mzee lina breki za mafuta, kwa hiyo upepo wa mifuko ukiisha, hasara yake ni gari kuinama. Basi lina breki za upepo, na kompresa ni ile ile moja. Kuna vali ya kinga ambayo kazi yake ni kuhakikisha mifuko hainyonyi upepo wa breki. Ikiwa nzima, dereva bado ana breki hata mfuko ukipasuka. Ikiwa imechezewa au imechoka, tundu la mfuko linakuwa tundu la breki, na barabara ya Mbeya ina mteremko wa Kitonga. Hata pale inapofanya kazi vizuri, kompresa inayozunguka bila kupumzika ili kufidia uvujaji huchemka, ikatema mafuta kwenye paipu, na mafuta hayo yanaharibu mpira wa vali ambazo zilikuwa hazina tatizo.

Sasa angalia muda anaopewa baba mdogo. Basi linaingia usiku limechelewa, linatakiwa kuondoka alfajiri. Tangu mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku mwaka 2023, mengine hayalali kabisa. Fundi anayeweza kuusikia uvujaji kwa sikio tupu anapewa nusu saa. Afanye nini? Anaikunja paipu ya mfuko mbovu, anaifunga kwa ukanda wa tyubu ili mifuko mingine isiishiwe, na basi linaondoka huku kona moja imekalia kizuizi cha mpira. Ni ujanja halali wa kulifikisha gari gereji. Tatizo ni kwamba basi lilikuwa tayari liko gereji, na halitarudi mpaka litoe tatizo jingine.

Penye hatari kubwa ndipo penye muda mdogo, na mwenye kuukata muda huo si fundi.

Muda huo huo mfupi ndio unaowafanya watu waingie chini ya gari vibaya. Mzee hakukubali niingize hata mkono kabla chesi haijawekewa stendi za chuma. Mfuko unabeba uzito kwa shinikizo la karibu paundi 100 kwa inchi ya mraba, mara tatu ya tairi la gari dogo, na ukiachia hautoi onyo. Nyumbani nimeona magogo ya mti mgumu yakifanya kazi hiyo vizuri kabisa, yakiwa mapana na yamepangwa kwa kukatizana. Nimeona pia jeki peke yake, usiku, na kijana amelala chini yake. Tafadhali, msiruhusu hilo.

Zile chembe za kutu zilitoka kwenye tangi la upepo. Hewa ikigandamizwa inaacha maji yake, na maji yasipomwagwa, huku yanaganda kwenye paipu wakati wa baridi, na kwenye joto na unyevu wa pwani yanalisha kutu mwaka mzima. Madereva wa zamani walikuwa wakimwaga matangi kila asubuhi kabla ya kuanza safari. Wanaofanya hivyo hadi leo wanaokoa vali kuliko duka lolote la spea la Kariakoo.

Ninachowaomba wenye mabasi ni usiku mmoja kwa mwezi ambao gari linalala kweli, injini imezimwa, kwenye sakafu tambarare. Mapato ya safari moja yatapotea, ndiyo. Lakini kompresa na mifuko minne vina bei, na baba mdogo amefanikiwa kumwonyesha mmiliki mmoja hesabu hiyo. Basi la mmiliki huyo sasa linabaki kwa baba mdogo usiku mzima. Amenunua daftari la kaunta na kuchora safu: namba ya gari, upande, kimo cha jioni, kimo cha asubuhi. Ameniuliza kama aongeze safu ya joto. Kwa mabasi yanayolala Morogoro haina haja. Kwa yale yanayolala Makambako na Njombe mwezi wa saba, aiongeze.