Gari Lililoshushwa Likigonga Nyuma, Usikimbilie Shokapu

Ndugu zangu wakulima na wafanyabiashara, leo naweka pembeni choroko na viwavijeshi, tuongee kuhusu gari. Wengi wenu siku hizi mnabeba mazao kwa gari dogo, na kelele za nyuma ya gari zinakula mtaji kama funza wa vitumba anavyokula pamba.

Kuna mama ananunua mayai katika vijiji vya Msalala na kwenda kuyauza Kakola, jirani na mgodi wa Bulyanhulu. Alinunua Toyota IST kutoka kwa kijana wa mjini ambaye alikuwa ameishusha ikae chini, ipendeze. Kwenye lami haikuwa na neno. Ilipoingia barabara za changarawe ikaanza kugonga nyuma, ko, ko, ko, na kila safari trei mbili tatu zinaharibika. Trei moja ni mayai 30, hesabu mwenyewe. Fundi akamwambia anunue shokapu mbili mpya. Mama akaanza kutafuta mteja wa mbuzi wake. Kabla hajauza akanipitia: "Bwana shamba, na wewe una IST, mbona yako haigongi?" Yangu ni kuukuu, nazunguka nayo vijijini mwaka wa tisa sasa, na milio yake naijua kama mfugaji anavyomjua ng'ombe anayekohoa.

Nilimuuliza swali moja tu: linagonga likiingia shimoni, au likitoka?

Swali hilo lina maana. Wengi wanaoshusha magari huku kwetu wanakata springi kwa grenda, inakuwa fupi. Gari likiwa limesimama, uzito wake unaibana springi na huoni tatizo. Lakini ukiruka tuta, gurudumu linaning'inia, shokapu inarefuka, na springi fupi haiifikii. Inabaki inaelea. Gurudumu likirudi chini, springi inajipiga kwenye kikalio chake. Hiyo ndiyo ko unayoisikia, na hata ukifunga shokapu mpya kumi haitaisha.

Kama linagonga likiingia shimoni, hasa likiwa na mzigo, hapo ekseli ya nyuma inafika mwisho na kupiga mpira wa kuzuia. Gari lililoshushwa halina nafasi ya kutosha, linafika mwisho haraka, na mpira ule ukishaliwa ni chuma kwa chuma. Mlio mdogo wa haraka haraka kwenye barabara yenye makunyanzi, kagua nati za juu za shokapu. Ila kabla ya yote toa kila kitu kwenye buti, pamoja na jeki na tairi la akiba, uendeshe tena usikilize. Nimewahi kuona mtu anashusha ekseli kumbe ni spana ya magurudumu inacheza.

Kupima springi ni kazi ya dakika chache. Egesha mahali tambarare, weka mawe kwenye magurudumu ya mbele, inua nyuma kwa jeki mpaka magurudumu yaning'inie. Weka stendi au gogo nene chini ya bodi. Usiingize kichwa chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kama fundi anakucheka. Kisha shika springi kwa mkono uitikise. Inatakiwa ikae imebanwa. Ya yule mama ilizunguka kama mchi kwenye kinu, na upande wa kulia mpira wa kikalio haukuwepo kabisa.

Dawa yake ni kurudisha springi za urefu wa kiwandani, zote mbili, za aina ile ile ya gari, pamoja na mipira yake. Za mtumba zilizo nzima zinafaa. Utaambiwa uweke kipande cha tairi, au ufunge springi kwa waya, au uichome kwa gesi ili "ikae". Kataa. Chuma cha springi kikipashwa moto sana kinapoteza nguvu yake. Na springi inayoelea inaweza kuchomoka mahali pake kwenye kona, nawe una abiria.

Jambo moja mafundi wengi wanaliruka. IST nyuma ina ekseli moja inayounganisha magurudumu yote mawili, imeshikwa kwa bushi za mpira. Gari likibadilishwa urefu, legeza bolti za bushi hizo, teremsha gari likae kwa magurudumu yake, ndipo uzikaze. Ukizikaza magurudumu yakiwa yananing'inia, mpira unabaki umejisokota siku zote. Utalia, na utachanika mapema.

Sasa mzigo. Japani wanakohesabu uzito wa gari la abiria, mtu mmoja ni kilo 55. IST ina nafasi tano, kwa hiyo ni kilo 275 pamoja na dereva. Magunia matatu ya mpunga ya kilo 100 yameshapita, na lumbesa sitaki hata kuitaja. Probox ya mizigo, hii michomoko yetu, ilitengenezewa kilo 400 ikiwa na watu wawili, au kilo 250 ikiwa na watano. Ukizidisha kila siku, springi nzima nayo italala, na gari litakuwa limeshushwa bila grenda.

Shokapu za yule mama tuliziacha. Zilikuwa kavu, na ukikandamiza nyuma ya gari na kuachia, lilipanda mara moja likatulia. Zako zikiwa zinachuruzika mafuta, au gari likaendelea kunesanesa, hapo nunua, na ununue za pande zote mbili kwa pamoja. Baada ya wiki mbili za changarawe, rudi na spana ukaguye nati zote ulizozigusa.