Jani la Mlimani na Muumini wa Mwambao

Tangu uchaguzi wa 2022, pale mgombea urais George Wajackoyah alipoinadi bangi kuwa zao la kulikwamua taifa, vijana wetu hawaachi kuuliza: serikali ikiiruhusu, Muumini naye aivute? Jibu nililitafuta Embu na Meru, ambako jani jingine limekwisha ruhusiwa zamani na watu wanaishi nalo.

Ukishayapita mashamba ya mpunga ya Mwea, Embu hukujia kwa sura mbili. Juu, kuelekea Mlima Kenya, ni chai, kahawa na ubaridi. Chini, Mbeere, ni ardhi kavu yenye jua kali, na huko ndiko muguka ulikostawi. Mkulima mmoja wa Kiritiri, Mwislamu, alinionyesha vichaka vyake vilivyopogolewa vikawa vifupi kama vya chai. "Sheikh," aliniambia, "nikiving'oa nipande nini?" Nilimtajia ndengu, zile tuziitazo pojo. Akatabasamu. Ndengu humngoja mvua. Muguka huchumwa kila baada ya wiki chache, na karo ya watoto haingoji mvua. Sikuwa na jibu la kumtosheleza, wala sidhani wanaomlaani kutoka barazani Mombasa wanalo.

Kutoka Embu njia hupanda na kushuka mabonde ya Runyenjes na Chuka hadi Meru, kisha Maua, chini ya milima ya Nyambene. Hapa mmea ni ule ule, ila huachwa ukawa mti, na kinachouzwa ni vichipukizi vilivyofungwa vitita kwa majani ya mgomba. Nguvu yake hupungua mno baada ya siku mbili; ndiyo sababu ya zile pikapu ziendazo mbio za kutisha. Lakini lililonishughulisha zaidi ni mila. Wameru wa kale waliitumia miraa kwa heshima: kitita maalumu kilipelekwa kuposea, na utafunaji ulikuwa wa wazee, si wa vijana. Hapakuwa na polisi wala hakimu. Watu walijizuia wenyewe. Soko lilipokuja, kizuizi kile kililegea, na leo mvulana hununua apendavyo.

Sheria ya nchi imeitambua miraa kuwa zao rasmi. Mei 2024, Gavana Abdulswamad Nassir alipoupiga marufuku muguka Mombasa, na Kilifi na Taita Taveta zikafuata, Rais Ruto alisema amri hizo ni batili, na Mahakama Kuu ya Embu ikazisimamisha. Mkulima wa Mbeere alishusha pumzi. Mama wa Kisauni aliguna. Wote wawili nawaelewa.

Sasa tazameni ajabu yake. Sheria ya Kenya inaruhusu muguka na kukataza bangi. Kwa wanazuoni wetu, lililo wazi ni bangi: hashishi waliiharamisha kwa wingi wao karne nyingi zilizopita, kwa kuwa huifunika akili, na akili ndiyo amana tunayosimama nayo katika swala. Bunge likiihalalisha kesho, hukumu hiyo haisogei hata unywele. Walilotofautiana ni hili jani la mlimani. Ibn Hajar al-Haytami, katika karne ya 16, aliulizwa na watu wa Yemen kuhusu qat. Habari alizoletewa zilipingana, huyu akisema linadhuru, yule akisema halidhuru. Naye hakukata hukumu ya uharamu, bali alinasihi liepukwe.

Mimi naifuata nasaha hiyo, na kwa muguka wa mjini kwetu naongeza ukali. Ibn Hajar aliletewa habari zinazopingana. Sisi habari tunazo nyumbani. Anayeanza kutafuna baada ya Alasiri, Magharibi humpita akiwa maskani, Isha humkuta macho makavu, na Alfajiri humpita amelala. Pesa ya unga imekwisha kwa njugu na jani. Kwa mtu wa namna hiyo sioni nafasi ya kubishania tofauti za wanazuoni.

Ama kijana anayengoja bangi ihalalishwe, wazazi wasimngojee Wajackoyah. Wamketishe leo, baada ya chakula cha usiku, wamweleze kwa upole kwamba muguka nao una kibali cha serikali, kisha wamtajie majina ya vijana wa mtaani anaowajua mwenyewe.