Nani Anawafukuza?

Kwetu mtu mzima hatembei bure. Anaenda kuchota maji, anaenda shambani, anaenda kwenye mgao, hospitali, kanisani, au kuzika. Ukimwona yuko njiani na hana jembe, hana dumu, hana kadi mkononi, basi ujue kuna jambo. Ndiyo maana mara ya kwanza tulipopita kwenye njia ya mashamba tukiwa watu kumi na saba, wakubwa kwa watoto, bila mzigo wa maana, mama mmoja aliyekuwa anapalilia mahindi alisimama, akashika kiuno, akatuuliza: "Muko nakimbia nini? Nani anawafukuza?"

Tukamjibu hakuna. Tunatembea tu.

"Munatembea tu," akarudia polepole, kama mtu anayeonja chakula asichokijua. Halafu akaangalia kule tulikotoka, ahakikishe mwenyewe.

Simlaumu. Hapa Kyangwali wengi wetu tuliotoka Ituri tulivuka ziwa mwisho wa 2017 na miezi ya mwanzo ya 2018. Tulitembea mpaka ufukweni, tukapanda mitumbwi, tukashushwa Sebagoro, tukapelekwa kituo cha mapokezi cha Kagoma, na kipindupindu kikatupokea palepale. Watu kumi na saba kwenye njia moja, mzee mbele, watoto mgongoni: macho yetu yameshajifunza hiyo picha ina maana gani. Sisi tulikuwa tunajaribu kutembea kwa wingi bila maana hiyo. Ilichukua muda kuzoea. Mwezi wa kwanza tulikuwa tunatembea haraka mno, hata Mwalimu akalazimika kupiga kelele, "Wandugu, pole pole, hakuna kitu kinakuja!"

Huyo Mwalimu ndiye alianzisha mambo haya. Alifundisha jografia huko nyumbani. Hapa anatengeneza simu. Wakati wa likizo watoto walikuwa wanamsumbua kibandani, akasema badala ya kuwachorea mlima kwenye karatasi, atawaonyesha. Mama zao wakamfuata kwa sababu hawakuamini kwamba mtu mmoja anaweza kuchunga watoto tisa. Mimi nilifuata kwa sababu wawili kati ya hao tisa ni wangu.

Hatuna jina, hatuna mwenyekiti, hatuna mhuri. Tuliwahi kufanya vikao vitatu, vyote vya kuchagua siku. Jumamosi Wasabato wanasali. Jumapili ni sisi Wakatoliki, na walokole ambao ibada yao ikianza Mungu ndiye anajua itaisha saa ngapi. Katikati ya juma kuna shamba na shule. Mwishowe tukakubaliana Jumapili ya mwisho wa mwezi, baada ya misa ya kwanza. Wasabato walifurahi. Walokole wanatufuata kwa bodaboda wakimaliza kusali, wanatukuta tumeshakaa chini ya mti tunakula. Mwalimu anasema hayo siyo matembezi. Wao wanasema Bwana ameona.

Kijana mmoja wa shirika (mtu mzuri, na jarida hili analisoma, kwa hiyo namsalimu) alisikia habari zetu akaja na daftari. Akauliza walengwa ni akina nani. Tukasema ni sisi. Akauliza lengo ni nini. Tukasema kutembea. Akauliza matokeo tunayotarajia. Tukaangaliana. Mama Mapacha akajibu, "Kuchoka." Kijana akaandika "msaada wa kisaikolojia", akafunga daftari. Ila mwezi uliofuata alikuja bila daftari, na viatu vya ofisini, miguu ikatoka malengelenge, akarudishwa na pikipiki huku watoto wanampungia mikono. Siku hizi ndiye wa kwanza kuuliza tunaenda upande gani.

Kuna jambo nilikuwa nalijua kama mtu anavyojua kwamba ana figo. Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi uhuru wa kutembea ndani ya nchi. Tulishaambiwa kwenye mikutano, nadhani hata karatasi tuligawiwa. Lakini kujua kuwa unaruhusiwa kufika pale kilimani, na kufika pale kilimani na chapati yako mkononi, ni vitu viwili. Shemeji yangu yuko Nyarugusu, kule Kigoma, Tanzania, na yeye kutoka nje ya kambi ni mpaka apate kibali. Nikimtumia picha huniuliza, "Mmetoka na kibali cha nani?" Anatania, lakini anauliza. Picha zile nzuri zaidi nimeacha kumtumia.

Kuhusu chakula niseme ukweli, maana msomaji wa kambini lazima ajiulize. Mgao umekuwa ukipungua tangu 2020, na mwaka 2023 tuligawanywa makundi matatu, wengine wakabaki bila kitu. Mtu mwenye njaa hatembei kwa furaha, na kuna miezi ambayo hatukutoka kabisa. Tukitoka, kila nyumba inaleta ilicho nacho na tunachanganya: mihogo ya kuchemsha, karanga, mahindi, sombe kama mtu amepata nguvu ya kutwanga. Hatuulizani nani ameleta kidogo. Isipokuwa Mama Mapacha, yeye anauliza.

Wenyeji tulikuwa tunawaogopa kidogo, tusidanganyane. Mashamba yao yamepakana na viwanja vyetu, na mbuzi wa mkimbizi hajui mpaka. Lakini njia yetu inapita mbele ya nyumba ya bibi mmoja Mnyoro, na mara ya tatu tulipopita alitusimamisha. Tulidhani tumekanyaga kitu. Kumbe alitaka kutusalimia, na hawezi. Kwa Wanyoro kumsalimia mtu bila kumwita kwa empaako yake ni kama kumpa mkono wa kushoto. Empaako ni jina la heshima na mapenzi, unapewa juu ya jina lako la kawaida, na yako kumi na mawili hivi tu kwa watu wote: Amooti, Akiiki, Abwooli, Adyeri, Atwooki, Apuuli na mengine. Tulipomwambia hatuna, alisikitika kweli, kama umemwambia watoto hawa hawana viatu. Akaanza kutugawia pale pale njiani. Mwalimu akawa Amooti. Mama Mapacha akawa Abwooli, mapacha wakapewa jina moja wote wawili, ugomvi ukaanza. Mwanangu mdogo alilia akidhani majina yataisha kabla ya kumfikia. Akapewa Atwooki na hadi leo haitiki jina lingine. Mwalimu anasema UNESCO mwaka 2013 iliuweka utamaduni huo kwenye orodha ya vitu vinavyohitaji kulindwa haraka. Sisi tumechangia watu kumi na saba kwa siku moja.

Sasa Shangazi. Shangazi yangu hakuwahi kuja. Kila mwezi tulimwalika, na kila mwezi alijibu maneno yale yale: "Miye nilishamalizaka kutembea." Alikuwa anafika kwenye maji, kwenye mgao na kanisani, basi. Mume wake alibaki nyuma kule Djugu usiku ule, afungue mbuzi waende zao, kisha afuate kwa mtumbwi wa pili. Mtumbwi wa pili ulifika bila yeye. Tuliuliza kila aliyeshuka, wiki nzima. Hakuna aliyesema amekufa na hakuna aliyesema amemwona. Miaka imepita, na Shangazi hajavaa nguo za matanga wala hajasema neno "mjane". Tunaheshimu hivyo hivyo.

Mwaka jana tukapanga matembezi marefu, mpaka ukingoni, pale ardhi inapokatika na unaona Ziwa Albert chini. Tulichagua tarehe 1 Mei, sikukuu ya wafanyakazi, tukasema ingawa wengi wetu hatuna kazi, tunaweza kusherehekea za wengine. Tena Mei ni mvua, na mvua inaosha hewa. Kiangazi vumbi na moshi wa nyasi vinaziba, hata ukifika ukingoni huoni ng'ambo.

Watu walikuwa wengi, ikahitajika sufuria kubwa, na sufuria kubwa kijijini kwetu ni ya Shangazi. Nikaenda kuikopa. Akaniuliza itaenda wapi. Nikamwambia. Akanyamaza, akaisugua kwa majivu ingawa ilikuwa safi, akasema, "Sufuria yangu haiende fasi siijue. Nitaenda nayo."

Ndivyo alivyokuja. Alibeba sufuria kichwani mwenyewe, saa nne za miguu kwa mwendo wa watoto, akakataa kila aliyetaka kumpokea. Tulipopita kwa yule bibi Mnyoro naye akapewa empaako, Akiiki. Akauliza ina maana gani. Bibi akasema maana yake ni wewe. Shangazi akacheka, na mimi hilo cheko nilikuwa nimelisahau.

Njia ni nzuri, niwaambie ninyi ambao hamjafika. Unaacha vibanda na mabomba ya maji, unapita mihogo na mahindi, halafu nyasi zinakuwa ndefu na miti inakaa mbali mbali, upepo unabadilika. Kabla hujaona ziwa unalisikia kwenye ngozi. Watoto walikuwa wanaimba nyimbo za shule kwa Kiingereza kibovu, jirani yetu wa Sudan Kusini anawasahihisha kwa Kiarabu cha Juba, hakuna aliyeelewa kitu na kila mtu alikuwa sahihi.

Halafu nchi ikaisha. Chini kabisa tambarare, kisha maji, mengi, ya rangi ya bati, na ng'ambo ile mstari wa milima ya buluu. Usiku mvua ilikuwa imenyesha. Milima ilionekana kama mtu ameichora kwa kalamu.

"Kule njo Congo?" akauliza Atwooki wangu, aliyezaliwa hapa.

"Njo Congo."

"Iko karibu! Sasa juu ya nini hatuendi?"

Wakubwa wote tukakumbuka tuna kamba za viatu. Mwalimu, Mungu ambariki, akaanza kufundisha kwa sauti kubwa: hili ni Bonde la Ufa, tawi la magharibi, ziwa lina urefu wa kilomita kama 160 na upana wa 30 na kitu, Mwingereza Samuel Baker alilifikia mwaka 1864 akalipa jina la mume wa malkia wake, Mobutu naye mwaka 1973 akalipa jina lake mwenyewe. Lakini Wanyoro wamekuwa wakiliita Mwitanzige, muua nzige, kwa sababu nzige wanaojaribu kulivuka huanguka wakafia majini. Watoto walipenda hapo. Wakataka kujua nzige wangapi.

Shangazi alikuwa amekaa juu ya sufuria aliyoifunika chini. Akasema, siyo kwa Mwalimu wala kwa nani, "Kumbe siye haiko nzige."

Kisha akauliza Tchomia iko upande gani. Mwalimu akanyoosha mkono, kaskazini-magharibi kidogo. Mama Mapacha akasema hapana, ni chini zaidi. Wakabishana, mwingine akaingia, mikono minne inaonyesha sehemu nne za Congo. Shangazi hakuufuata hata mmoja. Aliangalia maji muda mrefu. Kisha akainuka akaanza kutuhesabu kwa kugusa vichwa, mmoja mmoja, wakubwa na watoto, kama tulivyohesabiana ufukweni asubuhi ile ya 2018. Tulikuwa ishirini na mbili. Akahesabu tena. Ishirini na mbili. Watoto walidhani ni mchezo, mmoja akajificha nyuma ya kichuguu, na Shangazi akamwita kwa sauti ambayo ilimtoa mbio.

"Muzuri," akasema. "Nani analeta kuni?"

Mihogo iliiva vizuri. Wakati wa kurudi mvua ilitunyeshea sawasawa, mapacha wakabebwa, walokole wakataka bodaboda na bei ikawashinda, wakatembea kama sisi. Tulifika giza limeingia. Mama yule wa mahindi alikuwa mlangoni kwake. Akatuhoji tena, safari hii alitaka kujua mwezi ujao tunatoka saa ngapi, na kama mtu anaruhusiwa kuja na mkwe wake.

Sasa kuna mzozo. Shangazi anasema ukingoni ameshapaona, anataka tushuke mpaka ufukweni, kwa sababu samaki wa sokoni kwetu anafika ameshachoka na bei imeshapanda, na yeye anataka kapiteni mbichi achague mwenyewe, amtazame macho. Mwalimu anasema kushuka ni rahisi, kupanda na samaki kichwani ni habari nyingine, na kuna watoto. Shangazi anasema watoto wataachwa kwa Mwalimu. Mama Mapacha tayari anakusanya hela za samaki, na anauliza nani ameleta kidogo.