Kapasita kumi na moja

Wenzangu wa programu mtaniwia radhi, leo sina msimbo wa kuwaonyesha. Nataka tuzungumze juu ya kapasita, vile vikopo vidogo vinavyosimama kuizunguka prosesa kwenye mazabodi, ambavyo hakuna anayevitazama mpaka siku vifure.

Kuna kinu cha mahindi hapa Kitale ambacho mizani yake ya malori husomwa na kompyuta ya Pentium III. (Vitabu vya shule husema tarakilishi. Kwetu ni kompyuta tu.) Kadi inayopokea ishara kutoka kwenye mizani huingia kwenye sloti ya ISA, na bodi za kawaida za leo hazina sloti hiyo kabisa. Programu ni ya DOS, aliyeiandika hapatikani, na msimbo asilia hakuna aliye nao. Niliitwa mwezi wa Novemba, malori yamepanga foleni hadi barabarani. Kompyuta inawaka, feni inazunguka, monita nyeusi tititi. Mwenye kinu akaniuliza kama naweza kumwandikia programu mpya kufikia Jumatatu.

Haikuwezekana, na si kwa sababu ya msimbo peke yake. Mizani ya biashara Kenya iko chini ya Sheria ya Mizani na Vipimo, Sura ya 513. Ukibadilisha kadi umebadilisha mizani, na lazima ikaguliwe na kupigwa muhuri upya kabla ya kupimia mali ya mtu. Sasa mwambie mkulima aliyetoka Endebess na magunia yake ya kilo 90 kwamba asubiri mkaguzi! Lori analilipia kila siku linapolala, na mvua ikiyapata mahindi, unyevu unapanda na bei inashuka. Hapo ndipo ile bodi kuukuu ilipokuwa na thamani kuliko kompyuta yoyote mpya dukani.

Nilipofungua kasha sikuhitaji mita. Kapasita 11 zilikuwa zimefura vichwa, mbili zikivuja uchafu wa kahawia. Kazi ya kapasita hizo ni kutuliza umeme unaoshushwa kutoka volti 5 hadi karibu volti 1.7 za prosesa. Zikishindwa, umeme unatetemeka na prosesa inakataa kuanza.

Ugonjwa huu una historia. Bodi nyingi za miaka ya 1999 hadi 2007 hivi ziliwekwa kapasita zenye maji maji mabovu ndani. Maji hayo yalikosa kemikali za kuzuia maji yasile alumini, hivyo gesi ya haidrojeni ilijikusanya mpaka kikopo kikafura na kupasuka pale juu kwenye alama ya msalaba. Inasemekana chanzo ni fomula iliyoibwa nusu nusu na kufika Taiwan bila viungo vyote. Kisa kitamu, ila hakieleze kila kitu, kwa kuwa hata Nichicon ya Japani ilitoa aina zake mbovu miaka hiyo. Mwaka 2005 Dell ilitenga dola milioni 300 kwa ajili ya matengenezo. Na kompyuta kuukuu za maofisi ya Ulaya na Marekani ndizo tulizozipokea Afrika Mashariki kwa makontena. Tulinunua kompyuta, tukanunua na maradhi yake.

Joto nalo lina hesabu yake. Kapasita iliyoandikwa saa 2,000 kwa nyuzi 105 huongeza maisha mara mbili kila ukishusha nyuzi 10. Kwa nyuzi 75 ni saa 16,000, yaani hata miaka miwili ya kuwaka mchana na usiku haifiki. Weka vumbi la unga kwenye feni uone.

Kwa hiyo nikaifunga bodi kwa gazeti, nikapanda matatu, Kiminini, Webuye, hadi Bungoma, kwa mzee mmoja fundi wa redio. Ana umri wa baba yangu, na ana mikono ambayo mimi sina.

"Hizi ulizoleta umenunua wapi, kijana?"

"Nairobi, mzee. Luthuli Avenue."

Akazipima uzito kiganjani moja moja. Tatu akaziweka kando. Akaikata moja kwa koleo, na ndani ya kikopo kikubwa mlikuwa na kikopo kidogo. Ujanja huo ni wa zamani kumbe. Zile tatu tukazirithisha kutoka bodi nyingine aliyokuwa nayo, tukihakikisha ni za nyuzi 105 na za upinzani mdogo wa ndani. Ile ya kawaida ya redio inaingia vizuri kwenye tundu, lakini haistahimili kazi hii. Inapata moto na kufa upesi.

Shida ya mazabodi ni kwamba ina tabaka kadhaa za shaba, zinazonyonya joto lote la chuma cha kulehemu. Ukilazimisha unang'oa tundu, na hapo bodi imekwisha. Mzee akamtuma mjukuu saluni ya jirani akaazime mashine ya kukausha nywele! Akaipasha bodi taratibu kwa chini, akaongeza risasi mpya juu ya ile ya zamani, akakitikisa kikopo mguu huu, mguu ule, mpaka kikatoka. Tundu alilizibua kwa sindano ya chuma isiyoshika risasi. Kazi yangu ilikuwa kupiga picha na kukumbusha upande wa hasi uko wapi, kwani ukigeuza kapasita inalipuka. Saa nne nzima, na katikati stima ikapotea, mzee akakipasha chuma kingine juu ya makaa, akaendelea.

Mlio mmoja mfupi. Kumbukumbu ikahesabiwa kwenye monita. Nilibadilisha na betri ya saa, maana tarehe ilikuwa imerudi nyuma na risiti za wakulima lazima ziwe na tarehe ya kweli.

Asubuhi iliyofuata lori la kwanza lilipimwa. Diski nimeinakili mara mbili. Mwenye kinu amekubali kuleta kipimo kipya na mkaguzi baada ya mavuno, nami nimeanza kuandika programu. Bodi ya akiba ya aina ileile tumeipata kwenye stoo ya shule moja. Iko kwa mzee Bungoma sasa, na kapasita zake tisa zimefura.