Mafuta ya Mashindano na Peugeot ya Baba

Leo nikisema mafuta, usikimbilie kuwaza ile chupa ndogo ya upako. Nasema mafuta ya gari. Petroli. Mnaonijua mnajua kwamba kabla Bwana hajaniita kwa utumishi nilishika spana miaka kadhaa, chini ya fundi mzee ambaye hakuwa na cheti wala kompyuta, lakini aliinamisha sikio kwenye injini akakwambia ni silinda gani inalia. Kwa hiyo vijana wa kanisa wakiwa na swali la injini huniletea mimi, na mara nyingi huja kabla ya lile swali la ndoa.

Swali la mwezi huu limeletwa na ndugu yetu mmoja. Amenipa ruhusa nilieleze, mradi nisimtaje. Baba yake alipolala alimwachia Peugeot 504, ile ambayo huku tunaiita tu Pijo. Wewe uliye na umri wangu unazikumbuka. Zile ndefu za abiria zilikuwa zinatufikisha Nairobi tukiwa tumebanana kama dagaa. Zimeshinda hata Safari Rally, mwaka 1975 Ove Andersson akiendesha, na mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas akiwa na ile ya milango miwili. Na hii moja, watu wa Ruiri, wengine wenu mmewahi kubebwa ndani yake usiku kwenda hospitali wakati hakukuwa na gari lingine la kuita.

Ndugu yetu ameifufua. Tatizo ni moja: akitoka Isiolo, akianza kupanda kuja huku kwetu, injini inagonga. Sauti ni kama mawe madogo yanayotikiswa ndani ya mkebe. Akauliza kwenye simu, akaangalia video za Marekani, na hatimaye akapata mtu Nairobi aliyemwambia kwamba injini ya zamani inataka mafuta ya mashindano, yenye okteni 110, au ikikosekana, petroli ya ndege. Bei yake ni mara kadhaa ya ile ya pampu. Ndugu yetu akapiga hesabu, akaamua kumuuza mtamba. Mama yake akanipigia simu saa kumi na mbili asubuhi: "Pasta, ongea na huyu mtoto. Huyo mtamba ana mimba."

Basi nisikilize vizuri, maana najua hauko peke yako. Wako wenye Datsun 120Y, wako wenye Land Rover za zamani za shamba, na wako wenye pikipiki ambao pia wameshaambiwa habari hizi.

Ndani ya silinda, pistoni hupanda ikikandamiza hewa na petroli. Plagi inatoa cheche, na moto unasambaa kutoka kwenye cheche kwenda pembeni, kama moto wa nyasi unavyotembea shambani. Sasa petroli ikiwa haiwezi kuhimili kule kukandamizwa na lile joto, inajilipukia yenyewe kwenye kona kabla moto haujaifikia. Mlipuko huo ndio unaougonga ukuta wa silinda, na ukiachwa uendelee unatoboa pistoni na kuchoma gasketi. Okteni ni kipimo cha uvumilivu huo tu. Wanakemia wa miaka ya 1920 walichukua kimiminika kimoja kinachovumilia sana, wakakiita 100, na kingine kisichovumilia kabisa, wakakiita 0. Petroli ya 95 ni ile inayovumilia kama mchanganyiko wa sehemu 95 za kile cha kwanza na sehemu 5 za kile cha pili. (Wako watu wa okteni ya chini humu mtandaoni. Ukimgusa kidogo kwenye maoni, ameshalipuka. Tuendelee.)

Umeona kwamba sijataja nguvu. Hapo ndipo watu wanauziwa. Mafuta ya okteni kubwa hayana nguvu iliyofichwa ndani yake. Lita moja ya mafuta ya mashindano haibebi nguvu kubwa kuliko lita ya pampu, na yale yaliyochanganywa spiriti hubeba pungufu. Faida yake inaonekana pale tu ambapo injini yenyewe imeundwa kukandamiza kwa nguvu nyingi. Injini za mashindano hukandamiza 12 kwa 1, nyingine hata zaidi. Peugeot 504 nyingi ziko 8 na kitu kwa 1, na Land Rover nyingi za zamani za petroli ziko 7 kwa 1. Ukiipa injini ya namna hiyo mafuta ya 110, ni kama kumlipa mlinzi wa usiku alinde shamba ambalo limeshavunwa.

Video zile za Marekani si za uongo, lakini zinaongea habari ya magari mengine. Miaka ya 1960, Wamarekani walitengeneza magari ya injini kubwa mno, magari ya misuli kama wanavyoyaita wenyewe. Chevrolet Chevelle ya mwaka 1970, ile yenye injini kali ya LS6, ilikandamiza 11.25 kwa 1, na petroli ya siku hizo ilikuwa na okteni ya juu na risasi ndani yake. Mwaka uliofuata General Motors walishusha mgandamizo wa injini zao ili zitumie petroli ya kawaida. Kwa hiyo mwenye Chevelle ya 1970 leo ana haki ya kuhangaika. Petroli aliyozaliwa nayo haiuzwi tena kwenye pampu, ndiyo maana anatafuta ya mashindano. Tena hesabu yao ya okteni si hii yetu. Ile wanayoiandika 93 kwenye pampu zao, kwa hesabu inayotumika huku ingekaribia 98. Kijana akiona namba kwenye video akailinganisha na ya huku, ameshapotea kabla hajawasha gari.

Na kuna jambo ambalo muuzaji wa Nairobi hakulisema. Huku kwetu tuko juu. Hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa, silinda inavuta hewa kidogo, mgandamizo unakuwa mpole. Gari lile lile linahitaji okteni ndogo zaidi Ruiri kuliko linavyohitaji likiwa pale Likoni likisubiri feri.

Sasa, kama petroli ya kawaida inatosha, mbona inagonga?

Hilo ndilo swali la fundi. Tulishuka naye hadi kwa mzee mmoja anayefanya kazi kando ya barabara, mtu wa maneno machache. Hakugusa kitu kwanza. Aliuliza: "Petroli unanunua wapi?" Kumbe ndugu yetu hununua kwa chupa njiani, kwa sababu ni rahisi. Mzee akamimina kidogo kwenye kitambaa, akanusa, akanipa na mimi nikanusa. Mafuta ya taa. Wapendwa, mafuta ya taa yana okteni ya chini sana. Kiasi kidogo tu kwenye petroli kinatosha kuifanya injini nzuri igonge mlimani. Serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 ili kuondoa ile faida ya kuchanganya, lakini mtu mwenye chupa gizani hana risiti, na wewe huna wa kumlalamikia.

La pili lilikuwa taimingi. Kuna mtu alikuwa ameizungusha distribyuta mbele ili gari "liwe chapchap". Cheche ikawa inatoka mapema mno. Mzee akalegeza nati moja, akairudisha kidogo kwa mkono, akasikiliza, akaifunga. Akasafisha kabureta, akabadilisha plagi zilizokuwa za aina isiyofaa. Tukamwaga ile petroli ya chupa, tukajaza ya pampu, ya kawaida, yenye risiti. Tukateremka hadi karibu na Isiolo, tukageuza, tukaanza kupanda na watu watano ndani. Kimya. Mama yake alikuwa nyuma, na nilimsikia akiimba.

Nataka nikae kidogo kwenye habari ya risasi, kwa sababu hii ndiyo iliyoninyima usingizi. Yule muuzaji alikuwa ametuma sampuli: lita tano za mafuta ya ndege, rangi ya buluu, ndani ya jerikani ya mafuta ya kupikia. Nimeikuta jikoni, kando ya unga, na wajukuu wawili wanacheza hapo hapo. Ile rangi ya buluu ni alama ya petroli ya ndege ndogo inayoitwa 100LL. Jina lake linatangaza risasi ndogo, lakini inaruhusiwa kuwa na hadi gramu 0.56 kwa lita, na hicho si kidogo kwa ubongo wa mtoto. Baadhi ya mafuta ya mashindano nayo yana risasi vile vile.

Mwaka 1921 mhandisi Thomas Midgley wa General Motors aligundua kwamba kemikali ya risasi ikitiwa kidogo kwenye petroli, injini inaacha kugonga. Ikaanza kuuzwa mwaka 1923. Mwaka 1924 wafanyakazi watano wa kiwanda kimoja huko New Jersey walikufa baada ya kuchanganyikiwa akili kwa sababu ya kemikali hiyo. Midgley akasimama mbele ya waandishi wa habari, akajipaka mikononi na kuivuta puani ili waone ni salama, na huku yeye mwenyewe alikuwa ameshachukua likizo ya kujitibu risasi mwilini. Dunia ikaendelea kuivuta miaka karibu mia. Nchi za Afrika zilikubaliana Dakar mwaka 2001 kuiondoa, Kenya na majirani zake wakaacha kufikia mwanzo wa 2006, na Algeria ikawa ya mwisho duniani mwaka 2021. Tangazo la kwamba petroli ya magari yenye risasi imekwisha lilitolewa na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake yako hapa hapa Gigiri. Halafu mtu airudishe jikoni Ruiri ndani ya jerikani ya mafuta ya kupikia?

Muuzaji atakwambia injini za zamani zinahitaji risasi ili kulinda valvu. Ziko za namna hiyo, zile za hedi ya chuma laini. Hedi ya Peugeot 504 ni ya alumini, na viti vya valvu vimepachikwa vya chuma kigumu. Hoja hiyo haimhusu. Na ukiimimina kwenye Probox au Vitz yako umeua kichujio cha moshi kwenye eksozi, na hicho ukikiulizia bei utaomba maombi maalum.

Simaanishi kwamba mafuta ya mashindano ni dhambi. Wale wanaokuja Naivasha kwa Safari Rally ya dunia wana mafuta yao maalum, na tangu 2022 hata hayatokani na visima vya mafuta ya ardhini. Wanaofanya East African Safari Classic na magari ya zamani, wakiwa wamezijenga injini upya kwa mgandamizo wa juu, nao wanajua wanachokifanya. Mavazi ya vita ya Sauli yalikuwa mazuri. Yalitengenezwa kwa ajili ya Sauli, mtu aliyewazidi wenzake urefu, na Daudi alipoyavaa akajaribu kutembea, hakuweza. Aliyavua bila kuyatukana, akaenda mtoni kuchukua mawe. Soma 1 Samweli 17 leo jioni, uone jinsi alivyoyavua kabla hajamfikia Goliathi.

Tulipofika juu nilimuuliza ndugu yetu kwa nini alitaka gari lingurume. Alinyamaza kitambo. Akasema kwamba siku ya mazishi watu walisema baba yake alikuwa mtu mkubwa, na yeye akiendesha ile Peugeot anaona watu wanamtazama wakimtafuta baba yake na hawamwoni. Alifikiri likinguruma watamwona yeye. Sikumjibu kwa andiko. Nilimwambia tu ninavyolikumbuka gari lile: lilikuwa linakuja polepole, taa moja ikiwa hafifu kuliko nyingine, na mgonjwa alikuwa anajua kwamba litafika. Mama yake akaongeza kwamba baba hakuwahi kuvuka 60 hata mara moja, hata siku mtoto huyu huyu alipokuwa anazaliwa, na yeye alikuwa anamlilia aongeze mwendo.

Mtamba hajauzwa. Atazaa mwezi wa nne, Mungu akipenda.

Ile jerikani ya buluu tumeitoa jikoni, tumeifunga vizuri na kuiandika, iko kwenye banda lenye kufuli mbali na nyumba na mbali na moto. Usinishauri niimwage shimoni, maana maji ya kisima yako pale chini, wala niichome. Nataka irudi kwa watu wa ndege wanaoijua. Kama una ndugu anayefanya kazi Wilson au kwenye uwanja wa Isiolo, nitumie ujumbe inbox leo. Na mwenye gari la zamani linalogonga, yule mzee amekubali kuja Jumamosi saa tatu, kwenye uwanja wa kanisa. Njoo na risiti ya petroli yako.